Mitetemo ya Nyumba Tupu

Mimi si mtu wa kukaa. Nikikaa, miguu inaniwasha. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa natafuta viatu, na mpaka leo chai nainywa nimesimama, pasi mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie atembee kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ndicho alichonifanyia mume wangu, na ninayasimulia haya nikiwa sijamsamehe vizuri.

Mume wangu ni fundi wa friji. Kibanda chake kiko mwisho wa mtaa, na hana ugomvi na mtu. Wanaume wenzake kila mmoja ana ugonjwa wake: huyu mpira, yule siasa, yule karata. Wangu mimi ana matetemeko ya ardhi. Alianza kwa kusikiliza redioni, akaishia kwenye kundi la simu la watu waliougua ugonjwa huo huo. Wako wanne: yeye, Mwalimu, ambaye alifundisha jiografia mpaka akastaafu, Kinyozi wa kwenye kona, na Nesi wa zahanati ambaye hacheki ovyo. Hakuna hata mmoja aliyesomea kazi hiyo. Wanapenda tu, kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa.

Kila mmoja ameweka kwake kipimo, kijisanduku chenye ukubwa wa mkate. Kinakaa sakafuni na kusikia ardhi ikitikisika hata pale ambapo nyayo za binadamu hazina habari, halafu kinachora mistari kwenye kompyuta na kwenye simu. Michoro hiyo wanamtumia Mtaalamu mmoja wa chuo kikuu, mbali huko, anayekusanya ya watu wengi wa aina yao. Vipimo vikubwa ni vichache, nchi ni pana, na chini ya mji wetu ramani haionyeshi kitu. Mwalimu alikuwa na hakika kitu kipo. Msemo wake ulikuwa mmoja, asubuhi na jioni: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Chetu tulikipa jina la Kobe, kwa jinsi kilivyojikunyata kwenye sakafu ya stoo. Upande huu wa stoo ni chumba cha mashine zangu, maana mimi ni dobi, nafulia saluni, zahanati na nyumba ya wageni. Upande wa pili ni chumba cha Bibi.

Bibi ni mama wa mume wangu. Ni mwembamba, mdomo wake una makali, na tangu watoto wetu pacha waende shule ya bweni yeye ndiye ninayeteta naye. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mkono. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja na gari lake, akasimama katikati ya sebule na funguo zikining'inia kidoleni, akasema mbele yetu sote, "Akianguka tena hata mara moja, namchukua." Kwake ni mji mwingine, ghorofa ya nne, na lifti yake haijapanda tangu tumfahamu. Bibi alimjibu, "Sawa, mwanangu," kwa upole kabisa. Mimi niliyeishi naye nikajua hiyo sawa si sawa. Nyumba hii waliijenga yeye na marehemu mumewe, maji ya kukorogea udongo aliyabeba yeye kichwani. Shemeji alipoondoka aliniambia, "Humu nitatoka nimebebwa, lakini si na gari la yule."

Basi tukaishi hivyo, Bibi anaogopa kuanguka, mimi naogopa kukanyaga. Kila jioni mume wangu alirudi, akafungua kompyuta juu ya meza yangu ya kupigia pasi na kuanza kutuhoji. Nani alifunga mlango kwa nguvu? Nani aliburuta stuli? Nikasema mimi, nilikuwa na haraka. Huu mstari mnene je? Sufuria, liliniponyoka. Nesi na Kinyozi nao walikuwa wakihojiana hivyo hivyo na watu wao, ili kila kelele ya nyumba itengwe na ibaki sauti ya ardhi peke yake. Mkosaji mkuu nilikuwa mimi. Mashine yangu ikianza kukamua nguo, Kobe huona dunia imefika mwisho. Wakaniingiza kwenye kundi lao la simu kwa lazima, kazi yangu iwe kuandika "mashine imewashwa" na "mashine imezimwa". Nimeolewa, nikaajiriwa.

Saa walizozipenda kuliko zote ni zile za kabla ya mchana, mimi nimetoka kupeleka nguo na mume wangu yuko kibandani. Walizipa jina: saa za nyumba tupu. Mchoro wa saa hizo walikuwa wakiupokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Na ndipo vishindo vilipoanza. Vifupi, vizito, kimoja leo, kingine baada ya siku kadhaa, vyote saa za nyumba tupu. Vipimo vingine havikuvisikia. Mume wangu alisema hiyo inamaanisha viko karibu sana, chini yetu kabisa. Mwalimu akaja mbio na ramani yake iliyokunjwa mpaka ikapasuka kwenye mikunjo, akaweka kidole juu ya mtaa wetu, akasema kuna mpasuko mwambani ambao hakuna aliyewahi kuuona. Mtaalamu, kwa adabu, aliuliza swali moja tu kwenye simu: nyumbani hakuna kitu kizito kinachodondoka saa hizo? Mchoro unafanana na kitu kilichoanguka. Mwalimu alikereka siku nzima. "Tumeshasema nyumba ni tupu," alilalamika. "Kinadondoka nini, na nani wa kukidondosha?"

Mume wangu hakukereka. Alikuwa amechangamka kupita kiasi, halali, hali, anasoma simu chooni. Kila saa anakwenda stoo, anachungulia, anarudi. Nilimwambia anakitazama Kobe kuliko alivyowahi kunitazama mimi. Akacheka, akasema mimi sina kinachosomeka. Huyo ndiye mtu niliyemzalia pacha.

Siku moja nilirudi kabla ya wakati. Saluni walikuwa wamefunga bila kuniambia, nikarudi na furushi la taulo kichwani, nimenuna. Nilipofungua mlango nilimkuta Bibi kwenye ujia, sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele yake. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

"Umerudi mapema," aliniambia, kana kwamba mwenye kosa ni mimi.

"Mama, umeanguka?"

"Nimekaa."

"Umekaa sakafuni?"

"Kwani sakafu si yangu?"

Nilitupa furushi, nikapiga magoti nikampapasa mikono, nyonga, kichwa. Hakuvunjika. Lakini kwenye kiwiko palikuwa na wekundu mpya, na kando yake doa la zamani la rangi ya ndizi iliyoiva sana. Nikainua gauni lake kidogo nikaona magoti. Magoti yale hayakuanguka mara moja.

Simu yangu ililia kwenye mfuko wa aproni. Nikaitoa bila kufikiri. Mume wangu alikuwa ameandika kwenye kundi: "Wapendwa, kingine, sasa hivi. Kikubwa kuliko cha juzi. Nyumba tupu kama kawaida." Chini yake Nesi alikuwa ameandika "Hongera", na Mwalimu msemo wake.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza.

"Mwanao. Anasema ardhi imetikisika."

Bibi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zikamuuma, akaacha. "Kwa hiyo mimi nikianguka, yeye anafurahi?"

"Hajui ni wewe."

"Anadhani ni nani?"

Laiti ningekuwa na akili siku ile ningesema lolote lingine. "Anadhani hakuna mtu, mama. Wanaziita saa za nyumba tupu."

Alitazama ukuta wa mbele yake, ule wenye alama za urefu wa wanawe walipokuwa wadogo, kisha akanyoosha mkono nimwinue. Nilimwinua, naye akanishika kifundo cha mkono, na mshiko wake haukuwa wa mtu dhaifu.

"Usimwambie," alisema. "Ukimwambia atamwambia kaka yake. Yule hawezi kuficha hata zawadi."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Maradhi gani? Ni miguu tu, inasahau. Niahidi."

Nikaahidi. Nilijua ni ujinga na nikaahidi, kwa sababu nilishaiona ghorofa ya nne ya shemeji, na dirisha lake linaloangalia ukuta wa jengo jingine. Nilimweka Bibi kitini, nikaingia chumba cha mashine, nikalia kwa hasira. Si kwamba sikumhurumia mume wangu. Lakini mwanamume anakaa kibandani, anasikia mama yake anaanguka, na anawaandikia wenzake kuwapa habari njema.

Tangu siku hiyo sikutoka. Niliwaambia wateja waje wachukue nguo wenyewe, wengine wakaja, wengine wakanisema. Bibi akienda msalani nipo nyuma yake. Akinyanyuka nakohoa, ili ajue naona. Mimi na yeye tukachokana haraka sana. Mtu asiyeweza kukaa anamlinda mtu asiyeweza kusimama, na wote wawili wana midomo. "Hebu kafanye kazi," aliniambia, "umekuwa kama nzi." Lakini hakuanguka.

Na ardhi ikanyamaza.

Mume wangu alianza kunyong'onyea. Alikagua nyaya, alibadilisha betri ya Kobe, alipanguza vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Hakuna kitu. Mbaya zaidi, Mtaalamu alikuwa ameshaahidi kuja kuona mwenyewe, na kwenye kundi walikuwa wakiulizana nani avae nini. Usiku mume wangu anageuka kitandani kama chapati, asubuhi macho mekundu. Mwishowe alinijia chumba cha mashine, akasimama, akakuna kichwa.

"Mama Pacha, hebu toka kidogo."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Zamani ulikuwa unatoka. Labda wewe ukiwepo, mchoro unachafuka na hatuoni."

"Mimi nachafua?"

"Sisemi hivyo. Nasema nyumba ikiwa tupu ndiyo tunasikia vizuri."

Nilikuwa na shati la watu mkononi, limelowa. Nililikamua mpaka vidole vikauma. "Nyumba yako haijawahi kuwa tupu," nilimwambia, na hapo nikajizuia. Alidhani namtania.

Bibi alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta. Kesho yake nilikuwa uani naanika, nikasikia kishindo, nikaacha shuka kwenye matope na kukimbia. Nilimkuta amekaa kitini, mzima, na chini yake lile pasi lake la zamani la mkaa tunalowekea mlango usipigwe na upepo. Alikuwa amelinyanyua kwa mikono miwili na kuliachia.

"Mtoto ana huzuni," aliniambia. "Nimempa kimoja."

Simu yangu ilikuwa tayari inalia. Mume wangu alishukuru, Mwalimu alishukuru, Kinyozi alituma picha ya mikono iliyounganishwa. Nikakaa chini, mimi nisiyekaa. Nilimwambia Bibi kwamba hawa watu wanatafuta kweli ya ardhi, na sisi tunawalisha pasi. Akasema analijua hilo, hahitaji kufundishwa. Alisema pia kwamba tangu aliposikia lile neno, hapati usingizi.

"Neno gani?"

"Tupu," alisema.

Mtaalamu alikuja siku ya tatu. Hakuwa na makuu, alivaa viatu vilivyotembea, akavivua mlangoni ingawa tulimwambia asivue, akamsalimu Bibi kwanza. Kundi zima lilijaa sebuleni. Mwalimu alikuwa na tai. Mume wangu alikuwa amepaka rangi ukuta wa stoo, na harufu yake ilitupanda kichwani wote. Alifungua kompyuta juu ya meza ya pasi, akaanza kuonyesha vishindo kimoja kimoja.

Mtaalamu aliangalia kwa makini, muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Ningependa sana iwe ardhi. Lakini angalieni, mwanzo wake ni wa ghafla na mwisho wake pia. Nataka uhakika zaidi kidogo tu. Niambieni tena, saa hizi nyumbani anakuwepo nani?"

"Hakuna mtu," mume wangu akasema.

"Hakuna mtu kabisa," Mwalimu akaongeza. "Nyumba tupu."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, hatua chache kutoka kwao, na wote walimpa mgongo. Niling'ata ulimi. Nilijua nikiufungua mdomo huu, ahadi imekwisha na Bibi kapanda gari.

"Mwanangu," Bibi akasema.

Mume wangu aligeuka. "Ndiyo, mama. Tunamaliza sasa hivi."

"Mimi ni nani?"

"Ati nini, mama?"

"Nakuuliza, mimi ni nani? Kila siku hizo saa zako mimi nilikuwa humu. Nyumba haikuwa tupu. Nilikuwemo."

Mume wangu alitabasamu kwa adabu, vile watu wanavyowatabasamia wazee. "Najua, mama, lakini wewe unakaa kitini. Huna uzito wa kutikisa kitu."

"Nikianguka ninao," Bibi alisema.

Sinia lilikuwa zito, nikaliweka. Hakuna aliyechukua kikombe. Bibi alivuta mkono wa gauni lake akaonyesha kiwiko, kisha akapandisha pindo akaonyesha magoti yake mbele ya wageni, yeye ambaye hata daktari humtoa jasho kabla hajamwonyesha mguu. Nesi alisogea akachuchumaa mbele yake, akaanza kumpapasa. Mume wangu alitazama yale magoti, akatazama kompyuta, akatazama tena magoti. Uso wake ulibadilika nikatamani nisiwe nimewahi kumkasirikia.

"Vyote?" aliuliza.

"Lete hicho kitu chako," Bibi akasema. "Nitakwambia."

Alibeba kompyuta mpaka kwenye kiti chake, akapiga magoti. Ndivyo walivyofanya, mtu na mama yake, sisi tumesimama. Yeye anaonyesha mstari na kutaja siku, Bibi anafumba macho kidogo, anakumbuka.

"Huu?"

"Mimi. Nilikuwa nafuata maji."

"Huu?"

"Mimi. Ujiani."

"Na huu mkubwa?"

"Mimi. Mkeo alinikuta. Usimgombeze, nilimwapisha."

"Huu?"

"Huo ni pasi. Ulikuwa na huzuni."

Aliendelea kuuliza na sauti ikaendelea kupungua, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, mimi, mimi, mpaka Kinyozi akatoka nje kujifanya anapokea simu. Mume wangu hakuwa akifuta machozi. Aliyaacha yashuke, na mkono wake mmoja ukaendelea kubonyeza. Mwisho michoro ya nyumba tupu ikaisha. Hakikubaki hata kishindo kimoja cha ardhi.

"Basi," alisema. "Hatuna kitu." Akaifunika kompyuta.

"Na ule ambao haukuwa wangu?" Bibi akauliza.

"Upi, mama?"

"Siku ile umeme ulipokatika. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Maji kwenye glasi yalitetemeka, halafu vyombo vya kabatini vikalia, kutoka upande wa uani kuja huku mlangoni, polepole, vikanyamaza. Nikadhani ni kichwa changu. Nikanyamaza, wasije wakasema nina kizunguzungu."

Mume wangu alifungua tena kompyuta. Siku ile kulikuwa na mstari kweli, mrefu, unaopanda na kushuka, lakini walikuwa wameutupa zamani. Pembeni yake palikuwa pameandikwa: mashine ya dobi.

"Siku ile mashine haikuwa inazunguka," nilisema, maana hapo ndipo nilipokumbuka. "Niliandika imewashwa, nguo zikiwa ndiyo kwanza zimelowa umeme ukakatika. Nilikuwa nje naisema mita. Sikuwaandikia imezimwa. Nani anayekumbuka kuandika imezimwa wakati umeme umekatika?"

Kobe yeye ana betri, hakukatika. Mtaalamu alikuwa ameshasogea. Aliomba michoro ya wengine ya muda ule ule. Kinyozi, aliyekuwa amerudi, alitafuta kwenye simu yake akaona wake: alikuwa ameutupa akidhani ni lori la kokoto. Nesi naye alikuwa ameutupa, akidhani jirani anabomoa ukuta. Mwalimu peke yake hakuwa na kitu, kipimo chake hakina betri, akalegeza tai. Mtaalamu aliiweka mitatu hiyo juu ya meza, mmoja chini ya mwingine. Kila mmoja ulikuwa umekuja kwa wakati wake kidogo, kama mtu mmoja anayepita anabisha nyumba hii, kisha ile, kisha ile. Hata mimi dobi niliona.

"Hii ni ardhi," Mtaalamu akasema. "Siwezi kuapa mpaka nikaipime vizuri, lakini hii ni ardhi." Kisha akamgeukia Bibi, akamuuliza vyombo vililia kwa muda gani, akamsikiliza mpaka mwisho.

Jioni ile mume wangu alimpigia kaka yake na kumweleza yote, hakuficha. Bibi alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani, kama mshitakiwa. Tulisikia sauti ya shemeji ikipanda, ikishuka. Alitaka kuja kesho yake. Mume wangu, mtu asiye na ugomvi, alimwambia hapana. Alisema Kobe anaweza kufanywa alize simu zetu kila nyumba ikipata kishindo, yake, yangu na ya Nesi, na kibanda hakiko mbali. Mwishowe shemeji akasema sawa, lakini siku mkichelewa hata mara moja, naja na gari, na sitamuuliza mtu.

Ikawa hivyo. Nilirudia kupeleka nguo, nikitembea na simu mkononi, roho juu juu. Kobe alijifunza kupuuza mashine yangu, sijui walimfundishaje. Siku zikapita na Bibi hakuanguka, naye hakuwa na raha. Alikuwa akitazama mlango wa stoo, akinitazama mimi, akitazama saa.

Kisha siku moja nilikuwa kibandani, nimempelekea mume wangu chakula, ujumbe wa Mtaalamu ukaingia. Mume wangu aliinua simu kwa mikono yenye grisi, akasoma kwa sauti ili na wateja wasikie. Mtetemo wenu umethibitishwa. Chini ya mji kuna mpasuko ambao haukuwepo kwenye ramani, na sasa utachorwa. Majina ya walioupima yataandikwa yote. Naomba pia jina la yule mama aliyekuwa nyumbani, maana ndiye shahidi pekee aliyeusikia...

Hapo simu ikalia ule mlio mwingine, wa Kobe.

Hakumaliza sentensi. Aliiacha friji ya watu mlango wazi, akaruka benchi, akakimbia na bisibisi mkononi, na mimi ninayejisifu kwa miguu nilimfuata nyuma, kandambili moja imebaki njiani. Watu walidhani kuna mwizi.

Bibi alikuwa kitini. Fimbo magotini, nywele zimefungwa vizuri. Chini yake, sakafuni, lile pasi la mkaa.

Mume wangu alisimama mlangoni, anahema. "Mama, umeumia?"

"Sijaanguka."

"Na pasi?"

"Nimeliangusha."

"Kwa nini, mama?"

Bibi alimtazama, bisibisi, jasho, grisi mpaka shingoni. "Nilitaka kuona kama utakuja," alisema.

Mume wangu alikaa chini pale pale mlangoni. Simu zetu zilikuwa zikiendelea kulia, ya kwake na ya kwangu, na Nesi alikuwa anauliza kwenye kundi kuna nini huko, aje au asije. Nikaandika mimi, kwa sababu yeye alikuwa bado ameshika bisibisi. Niliandika: Si ardhi. Ni mama, yupo.